Bei Wakati wa Maafa: Haki ya Mfanyabiashara na Haki ya Mlaji

Wahenga walisema, kufa kufaana. Maafa yanapoifika jamii, wapo wanaopoteza na wapo wanaopata. Makala haya yanamsaidia mlaji kutofautisha bei iliyopanda kwa sababu za haki na bei inayotokana na kutumia dhiki ya watu.

Ukame na hasara ya pande mbili

Wilaya ya Kishapu ni miongoni mwa maeneo makavu ya Mkoa wa Shinyanga. Wakazi wake wengi hulima pamba, mtama, choroko na mahindi, na hufuga ng'ombe. Mvua zinapokosekana, mahindi huadimika na bei yake hupanda. Wakati huohuo malisho hukauka, ng'ombe hukonda, na wafugaji wengi hupeleka mifugo mnadani kwa pamoja, hivyo bei ya ng'ombe hushuka. Mwananchi huuza kwa bei ya chini na kununua kwa bei ya juu. Katika hali hiyo, nyongeza ya shilingi elfu chache kwa debe yaweza kuamua iwapo maksai wa kulimia watabaki zizini. Wakiuzwa, msimu unaofuata shamba litalimwa kwa jembe la mkono, na njaa ya mwaka mmoja itazaa ya mwaka wa pili.

Si kila nyongeza ni dhuluma

Mfanyabiashara anayeleta mahindi kutoka mbali hulipa nauli, ushuru na vibarua, na hubeba hatari ya barabara mbovu. Gharama hizo zikipanda, bei hupanda. Aidha, bei nzuri huwavuta wafanyabiashara wengine kuleta bidhaa penye upungufu. Ikishushwa kwa amri pasipo kuongeza bidhaa, bidhaa huweza kufichwa na kuuzwa kwa ulanguzi, kama Watanzania walivyoshuhudia miaka ya mwanzo ya 1980.

Tuchukue mfano wa kubuni. Debe la mahindi liliuzwa shilingi 20,000. Nauli imeongeza shilingi 1,500 kwa kila debe. Bei ya shilingi 21,500 inaeleweka. Muuzaji akidai shilingi 30,000, shilingi 8,500 zilizosalia zinahitaji maelezo. Huenda atasema kwamba mzigo ujao utamgharimu zaidi. Hoja hiyo ina uzito iwapo kweli ameagiza mzigo mwingine. Haina uzito kwa aliyejaza ghala kwa bei ya zamani, akafunga mlango na kusubiri watu wazidiwe.

Kwa hiyo mlaji ajiulize: Je, gharama za muuzaji zimepanda? Je, bidhaa imefichwa? Je, mnunuzi ana mahali pengine pa kwenda? Pale ambapo muuzaji ni mmoja na bidhaa ni chakula, maji au dawa, wajibu wake wa kimaadili ni mkubwa zaidi, kwa kuwa ridhaa ya mwenye njaa si ridhaa kamili.

Sheria na hatua za Serikali

Katika soko huria, kupandisha bei peke yake si kosa. Hata hivyo, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupatana bei na inakataza kumpotosha mlaji. Wauzaji wa soko moja wakikubaliana kutouza chini ya kiwango fulani, wanavunja sheria, hata kama kuna ukame.

Serikali pia inaweza kuingilia kati. Mvua kubwa za El Niño zilipovuruga uvunaji wa miwa, sukari iliadimika. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei kikomo ya rejareja, kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na eneo, na sukari ya nje ikaruhusiwa kuingizwa. Kwa upande wa nafaka, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huuza mahindi ya akiba katika maeneo yenye upungufu. Hatua hizi hufaulu zaidi bei inapodhibitiwa sambamba na kuongeza bidhaa.

Mambo ya kuzingatia

1. Ulizia bei kwa wauzaji kadhaa kabla ya kununua. Majirani wakichanga fedha na kununua kwa jumla, gharama hupungua.

2. Dai risiti, na uandike tarehe, bei na kiasi ulichonunua.

3. Angalia kipimo. Debe lililobonyezwa ni bei iliyopandishwa kwa siri. Toa taarifa kwa Wakala wa Vipimo.

4. Ukishuku kuwa wauzaji wamepatana bei, toa taarifa Tume ya Ushindani. Ukiona bidhaa imefichwa, mweleze afisa biashara wa halmashauri.

5. Usinunue kupita mahitaji yako. Mlaji anayelimbikiza kwa hofu humnyima jirani yake na kuipandisha bei anayoilalamikia.