Taa za Wavuvi wa Kalundu

Jua likiisha kuzama nyuma ya milima ya Uvira, wavuvi wa Kalundu huingia ziwani na taa zao. Ukisimama ufukoni utadhani mji mwingine umejengwa juu ya maji. Ndakala hufuata mwanga. Wakiisha kukusanyika chini ya taa, wavu huinuliwa. Mbalamwezi ikiwa kali, samaki hutawanyika na wavuvi hulala nyumbani.

Zamani taa hizo zilikuwa karabai. Ndani ya karabai huning'inia kifuko cheupe, nacho ndicho kinachong'aa, maana mwali wa mafuta wenyewe ni hafifu, wa buluu. Kifuko ni kitambaa kilicholowekwa katika maji ya madini mawili, thoriamu na seriamu. Kikiwashwa mara ya kwanza kitambaa huungua, yakabaki majivu magumu ya madini. Carl Auer von Welsbach, mtaalamu wa Austria, alihangaika sana na vipimo vyake. Thoriamu peke yake iling'aa kidogo tu. Seriamu ikizidi, taa ilififia. Mwaka 1891 akapata kipimo: thoriamu 99, seriamu 1. (Thoriamu ina mionzi. Mtoto asichezee kifuko kilichovunjika, wala asivute vumbi lake.)

Siku hizi wavuvi wengi hutumia taa za LED zenye betri. Itazame moja ikiwa imezimwa: utaona doa la manjano. Chini ya doa kuna kipande kidogo mno kitoacho mwanga wa buluu. Doa lenyewe ni unga wa fuwele. Katika fuwele, kama chumvi au sukari, chembe zimepangwa safu kwa safu kama matofali ukutani. Katika ukuta huu matofali machache ya madini ya itriamu yametolewa, na mahali pao imetiwa seriamu. Mwanga wa buluu ukiipiga, seriamu humeza nguvu yake, kisha huitoa tena kwa rangi ya manjano. Manjano hiyo ikichanganyika na buluu iliyopenya, jicho huona nyeupe. Taa nyeupe za namna hii zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996.

Basi ni seriamu ileile ya karabai, tena kidogo vilevile, ila sasa haitaki moto. Mvuvi hanunui tena mafuta kila jioni, hata usiku ule anaorudi mtumbwi mtupu.

Mawe yenye seriamu yako karibu: ng'ambo ya ziwa, huko Gakara, kusini ya Bujumbura. Yalianza kuchimbwa tena mwaka 2017 na kuuzwa nchi za nje, mpaka serikali ya Burundi iliposimamisha kazi mwaka 2021.