Ukuta wa Kalenga na Mtaji wa Benki

Katika mikutano ya wanachama husikika mara kwa mara neno hili: wakulima wa bara wamejianzishia benki zao, sisi wenye karafuu tumekosa nini? Ni neno jema, wala hatupendi kumvunja moyo aliyelisema. Walakini kabla mtu hajatia mkono mfukoni kununua hisa, yafaa aijue kwanza sheria ya mtaji wa benki, kwani ndiyo iliyofunga milango ya benki kadhaa za wakulima wenzetu. Ili kuieleza tutawachukua wasomaji wetu mbali kidogo na bahari, mpaka Nyanda za Juu Kusini, Iringa na Njombe, ambako jambo hili limeonekana kwa macho.

Karibu na mji wa Iringa, kandokando ya Mto Ruaha Mdogo, kuna kijiji kiitwacho Kalenga. Hapo ndipo Mtwa Mkwawa wa Wahehe alipokuwa na boma lake, nalo lilizungukwa na ukuta wa mawe na udongo. Leo pana jumba la makumbusho, na ndani yake limewekwa fuvu la Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ukuta ule ulijengwa kabla ya vita kufika mlangoni, na kwa vita vya mikuki na magobore ulikuwa kinga ya kutosha. Lakini tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani walikuja na mizinga, na boma likaanguka. Mtu asiseme kwamba Wahehe hawakuwa na ukuta. Walikuwa nao, ila ulipimwa kwa vita vingine.

Mtaji wa benki ni ukuta wa namna hiyo. Hujengwa wakati wa amani, na wakaguzi wakija huuliza kama utatosha siku ya mizinga.

Basi mtaji ni nini? Watu wengi hudhani kwamba fedha zilizojaa katika benki ndizo mtaji wake. Sivyo. Fedha unazoweka wewe na mimi ni amana, yaani ni deni ambalo benki yadaiwa nasi, na siku tukizitaka hatuna haja ya kueleza sababu. Mtaji, au rasilmali kama wazee wanavyosema, ni fedha za wenye benki wenyewe: zile walizotoa kununua hisa, pamoja na faida waliyoiacha ndani badala ya kugawana. Kazi yake kubwa ni kupokea hasara. Mkopo ukipotea, fedha za wenye hisa ndizo hupungua kwanza, na za wenye amana haziguswi mpaka hizo zimekwisha.

Tutoe mfano wa kubuni, wala usiitafute benki hii katika ramani. Meneja mmoja wa mkoani ana benki yenye mtaji wa shilingi milioni 300, na amana za wananchi milioni 2,000. Jumla ni milioni 2,300. Katika hizo amekopesha wakulima na wenye maduka milioni 1,800, na milioni 500 zilizobaki ni fedha taslimu na dhamana za Serikali. Sheria humwambia aipime mali yake kwa hatari. Fedha iliyomo sandukuni na dhamana za Serikali huhesabiwa kuwa hazina hatari, kwa hiyo ni sifuri. Mikopo ya kawaida huhesabiwa yote kamili. Basi mali yake yenye hatari ni milioni 1,800, na mtaji wake wa milioni 300 ni karibu 17 katika kila 100. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2014 zilitaka mtaji wa msingi usipungue 10 katika kila 100 za mali yenye hatari, na ukiongeza aina nyingine za mtaji zinazokubaliwa, jumla isipungue 12. Meneja wetu analala usingizi.

Mwaka unaofuata mvua zaharibika, bei ya viazi yaanguka, na mikopo ya milioni 150 hailipwi tena. Mtaji wapungua hadi milioni 150, na mikopo iliyo hai ni milioni 1,650. Sasa kipimo ni 9 na kidogo. Tazama ajabu ya jambo hili: milango i wazi, makarani wako dirishani, kila anayetaka fedha zake anapewa. Mwenye akiba hana habari ya neno lolote. Lakini kwa sheria benki hiyo imekwisha kuvuka mpaka, na wakaguzi watapiga hodi.

Meneja ana njia mbili. Ya kwanza ni kuwaomba wenye hisa waongeze fedha. Katika mfano wetu milioni 15 zatosha kurudisha 10 katika 100. Ya pili ni kupunguza mikopo mpaka ibaki milioni 1,500, maana yake akusanye milioni 150 kutoka kwa wakulima na asizitoe tena. Mwanachama mwenye shamba alitazame hili sana. Ukienda benki wakati wa mavuno kutafuta fedha ya wachumaji na mikeka, ukaambiwa ngoja, huenda si kwa sababu shamba lako ni baya au uso wako haukupendeza. Kila milioni 10 anazokukopesha zinafunga milioni 1 ya mtaji wake, na akiwa hana milioni hiyo, hawezi, hata kama sanduku limejaa noti. Mameneja wengi hawalielezi jambo hili, huficha nyuma ya maneno kama "makao makuu hawajajibu". Wangelieleza wangepunguza manung'uniko mengi.

Kipimo hiki hakikutungwa Dar es Salaam. Mwaka 1974 benki ya Herstatt ilianguka Ujerumani, na mwisho wa mwaka huo wakuu wa benki za nchi tajiri wakaunda kamati yao ikutanayo katika mji wa Basel, Uswisi. Mwaka 1988 kamati hiyo ilikubaliana juu ya 8 katika kila 100. Tanzania imejiwekea kipimo kikali zaidi ya hicho, na kwa maoni yetu haikukosea, kwani nchi ya mkulima hutikisika upesi kuliko nchi ya viwanda.

Lakini kuna ukuta wa pili, nao ndio uliowashinda wengi. Mbali na kipimo cha katika mia, kila benki hutakiwa iwe na mtaji usiopungua kiasi fulani cha fedha, iwe imekopesha nyingi au chache. Kwa benki za wananchi, zile ndogo za wilaya, kiasi hicho kilikuwa shilingi milioni 250. Kikapandishwa kuwa bilioni 2, yaani mara nane. Zikapewa miaka kadhaa kukifikia, na mwisho wa 2017 ukawa kikomo. Mrudie meneja wetu wa mfano, katika ule mwaka wake mzuri: milioni 300 zake zilipita kiasi cha zamani, na kwa kipimo cha katika mia alikuwa hodari. Kwa kiasi kipya alipungukiwa milioni 1,700. Aende kuzichukua kwa nani? Wenye hisa wake ni wakulima, vyama vya msingi, walimu na halmashauri ya wilaya. Tajiri wa mjini hanunui hisa ya benki ya wilaya moja.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilitangaza kuzifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji. Nazo ni Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru, Benki ya Wakulima Kagera, Efatha, na Covenant iliyokuwa ya wanawake. Mwaka uliotangulia, Mei 2017, Benki ya Wananchi Mbinga ilikuwa imefungwa vilevile. Njombe, ambayo mpaka 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, ni nchi ya viazi, mahindi na mbao. Mbinga na Kagera ni nchi za kahawa. Hizi hazikuwa benki za wachuuzi wa fedha. Zilikuwa za watu kama sisi.

Je, sheria ilikuwa kali mno? Wapo wanaosema kwamba bilioni 2 kwa benki ya wilaya ni kama kumtaka mwenye ngalawa anunue nanga ya meli. Neno lao lina haki ndani yake. Kipimo cha katika mia chaenda na ukubwa wa kila mmoja, lakini kiasi kimoja kwa wote chamwelemea mdogo. Upande wa pili nao una haki: benki, hata ndogo, lazima iwe na mitambo ya hesabu, wakaguzi, walinzi na watu wenye ujuzi, na gharama hizo hazipungui kwa sababu wilaya ni maskini. Benki yenye mtaji wa milioni 250 ikikosa kulipwa na wakopaji wakubwa wachache tu, imekwisha.

Kuna sababu nyingine, nayo wakulima wa karafuu twaijua kuliko mtu yeyote. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Fikiri kwamba siku hiyo palikuwa na benki ya wakulima wa Unguja peke yao. Wakopaji wake wote wangeanguka usiku mmoja, waaminifu na wasio waaminifu, na mtaji wa 10 katika 100 usingefika asubuhi. Benki yenye wakopaji visiwa vyote viwili ingejeruhiwa, ikapona. Sasa ule mzani wa sheria, kwa ubora wake wote, hauoni jambo hili sawasawa: mkopo wa mwenye duka na mkopo wa mwenye shamba hupimwa kwa jiwe lile lile, hata kama duka lauza kwa wenye mashamba tu. Ndiyo maana meneja wa wilaya mwenye busara hujiwekea ukuta mrefu kuliko ule alioamriwa. Benki ya zao moja yahitaji mtaji mwingi kuliko benki ya mjini, na wenye zao moja ndio wasioweza kuutoa kwa urahisi. Hapo ndipo fundo lilipo, na hatujamwona aliyelifungua bila kutoka nje ya wilaya yake.

Waliopona walitoka nje kwa njia mbalimbali. Huko Mafinga, katika Mkoa huo huo wa Iringa, benki ya wananchi wa Mufindi iitwayo MUCOBA ilipeleka hisa zake katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2016, ili hata asiyekaa Mufindi aweze kununua. Haikuwamo katika zile tano. Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro na Benki ya Wananchi Tandahimba, wilaya ya korosho, zilipewa muda wa miezi sita mwaka 2018 zijitengeneze. Baadaye ziliungana, na kutokana nazo ikapatikana Benki ya Ushirika Tanzania iliyozinduliwa Dodoma Aprili 2025. Huko Mwanga nako benki ya wananchi iliungana na nyingine mbili mwaka 2020. Kahawa na korosho katika mfuko mmoja: kahawa ikilala, huenda korosho iko macho. Hapa kwetu Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa 1966, ilisimama kwa mtaji wa Serikali, na hiyo ni njia nyingine tena ambayo chama cha wakulima peke yake hakiwezi kuiiga.

Na aliyekuwa na fedha katika benki iliyofungwa alipata nini? Hapa pana tofauti kubwa ambayo kila mwanachama aishike. Bodi ya Bima ya Amana, iliyowekwa kuwa mfilisi wa benki zile tano, humlipa kwanza kila mwenye amana mpaka kiasi cha bima. Mwaka 2018 kiasi hicho kilikuwa shilingi 1,500,000 kwa mtu; kikapandishwa mwaka 2023 kuwa 7,500,000. Mwenye akiba kubwa kuliko bima hungoja mali ya benki iuzwe na madeni yakusanywe. Mwenye hisa hungoja nyuma ya wote, na mara nyingi akifikiwa hakuna kilichobaki. Hisa haina bima. Kwa hiyo atakayekuja kwako na karatasi ya hisa akisema "ni sawa na kuweka akiba, tena ina faida zaidi", mwambie kwa adabu kwamba si sawa: hisa yako ndiyo ukuta wenyewe, na akiba ya jirani yako ndiyo inayokaa nyuma yake.

Kuikagua benki si kazi ya wataalamu peke yao. Kila baada ya miezi mitatu benki za Tanzania hutangaza hesabu zao katika magazeti. Wengi hufungia vitumbua kwa karatasi hizo. Mara nyingine kabla ya kuifungia, tafuta karibu na mwisho wa hesabu mstari wa mtaji wa wenye benki ukilinganishwa na mali yake, uusome pamoja na ule wa robo ya mwaka iliyotangulia. Kisha tazama mstari wa mikopo isiyolipwa. Ukiona wa kwanza washuka na wa pili wapanda kwa robo tatu mfululizo, nenda kamwulize meneja kwa nini, nawe ukiwa umeshika karatasi hiyo mkononi.