Vienna na Bei ya Kupanga Nyumba Ulaya

Kwetu mpangaji huonekana kama mtu ambaye maisha bado hayajamnyookea. Kwa kipimo hicho, Romania ingekuwa nchi yenye neema kuliko zote za Ulaya, maana zaidi ya asilimia 90 ya watu wake wanaishi katika nyumba zao wenyewe. Utawala wa kikomunisti ulipoanguka mwaka 1989, serikali iliwauzia wapangaji fleti zake kwa bei ya kutupa. Hata hivyo, takriban watu wanne katika kila kumi nchini humo wanaishi kwa kubanana, vyumba havitoshi, na vijana waliokwisha kuwa watu wazima hulala chumba kimoja na ndugu zao. Ujerumani, yenye uchumi mkubwa kuliko wote barani, zaidi kidogo ya nusu ya watu wamepanga. Hati ya nyumba, basi, haitoshi kutuambia nani anaishi vizuri. Tuulize zaidi nyumba za kupanga ziko mikononi mwa nani.

Jibu bora liko Vienna, mji mkuu wa Austria. Mwaka 1923, wakati wafanyakazi wa mji huo walikuwa wakirundikana katika vyumba visivyo na maji, manispaa ilianzisha kodi ya ujenzi wa makazi. Aliyekaa nyumba ya kifahari alitozwa zaidi, maskini akatozwa kidogo sana. Kufikia mwaka 1934 zilikuwa zimejengwa fleti zaidi ya 60,000. Jengo la Karl-Marx-Hof, lililofunguliwa mwaka 1930, lina urefu unaozidi kilomita moja na lilijengwa na fleti 1,382, lakini majengo yalichukua chini ya robo ya kiwanja. Sehemu iliyobaki ni nyua zenye miti. Ndani ya jengo mlikuwa na sehemu za pamoja za kufulia nguo, mabafu, shule za chekechea na maktaba. Leo manispaa inamiliki fleti zipatazo 220,000, na ukijumlisha za vyama visivyotafuta faida, karibu nusu ya wakazi milioni mbili wanahifadhiwa humo. Mwenye nyumba binafsi akipandisha kodi kupita kiasi, anajua mpangaji ana pengine pa kwenda.

Wapo wanaopinga wakisema mgeni huachwa nje, na ni kweli: anayeomba fleti ya manispaa sharti awe ameishi Vienna miaka miwili, kisha apange foleni. Hiyo ni dosari, lakini dawa yake ni kujenga zaidi. Waliochagua kuuza wamevuna nini? Mwaka 2004 Berlin iliuza kampuni yake yenye fleti kama 65,000. Kodi zilipopaa, mwaka 2021 wengi wa wapiga kura walitaka nyumba za makampuni makubwa zirudishwe kwa umma. Uingereza nayo imeuza nyumba za halmashauri kwa bei nafuu tangu 1980, na nyingi sasa zinapangishwa na watu binafsi.

Kwa miaka mingi mshahara wa Mwaustria ulikatwa asilimia 0.5 kwa ajili ya makazi, na mwajiri aliongeza kiasi hicho hicho. Wakenya, kwa sheria ya mwaka 2024, hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri vivyo hivyo, ila nyumba zinazojengwa nyingi ni za kuuzwa. Anayekatwa fedha hizo ana haki ya kudai baadhi ya nyumba hizo zibaki za umma, zipangishwe.