Ishi Nangani Kabla ya Kuvuka Bahari

Kila mwaka, Novemba inapokaribia, bandari ya Las Palmas katika visiwa vya Canary hujaa boti za matanga zinazojiandaa kuvuka Atlantiki. Msafara wa ARC, ulioanza mwaka 1986, huondoka hapo kuelekea Saint Lucia katika Karibi, mwendo wa maili za baharini 2,700 hivi. Wasafiri wengi huwa wamekwisha kuhamia botini miezi kadhaa kabla. Mpita njia huwaona kama watu walio likizoni, kumbe wako kazini tangu alfajiri.

Wakati huo haukuchaguliwa ovyo. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huhesabiwa kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na ukielekea ukingoni, pepo za kaskazini-mashariki huanza kutengemaa. Mtu wa pwani yetu analielewa hili upesi: majahazi ya Uarabuni yalikuja Lamu, Mombasa na Unguja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na nahodha aliyepitwa na msimu alisubiri mwingine. Kazi zote sharti ziishe kabla upepo haujafika.

Tatizo ni kwamba wengi hujiandaa wakiwa gatini tu. Gatini kuna umeme wa nchi kavu na mpira wa maji, kwa hiyo betri iliyochoka na tangi linalovuja havijulikani. Ushauri wangu ni huu: toka gatini, tia nanga, uishi huko majuma mawili matatu bila kutegemea chochote cha nchi kavu. Las Palmas yenyewe ina mahali pa kutia nanga mbele ya ufuo wa Alcaravaneras, jirani kabisa na marina.

Anza na maji. Ukimpangia kila mtu lita 4 kwa siku za kunywa na kupikia, watu 4 kwa siku 21 watahitaji lita 336. Tangi la lita 400 linaonekana kutosha, mpaka uone bomba la umeme la jikoni linavyomwaga maji mtu anaposugua sufuria moja. Ndiyo maana mabaharia wazoefu hufunga pampu ya kukanyaga kwa mguu, wakaosha vyombo kwa maji ya chumvi na kuyabakiza matamu ya kusuuzia. Maji yasikae yote katika tangi moja, maana likichafuka katikati ya bahari hakuna pa kukimbilia. Yagawe katika matangi mawili, na madumu ya akiba yafungwe imara.

Umeme nao una hesabu yake. Betri za risasi za ampea-saa 400 hazikupi 400. Ukizitumia kupita nusu mara kwa mara zitakufa mapema, kwa hiyo zihesabu kuwa 200. Friji ndogo peke yake yaweza kula 50 kwa siku, bado taa na redio. Kisha jumlisha usukani wa umeme, ambao nangani haufanyi kazi lakini safarini hushika njia usiku na mchana. Paneli za sola zikishindwa kurudisha unachotumia ukiwa umetulia, hazitaweza tanga litakapozitia kivuli.

Katika vyakula, maboksi ya karatasi yaachwe gatini, kwa kuwa mende hutaga mayai katika mikunjo yake. Makopo yanayohifadhiwa ngamani, kule chini ya sakafu maji yanakojikusanya, yabanduliwe karatasi zake na kuandikwa kwa wino usiofutika. Karatasi zikilowa hutoka, zikavutwa na pampu, na pampu ikaziba siku ile ile boti inapoingia maji. Kabichi nzima, viazi na vitunguu hudumu, ila viazi na vitunguu visikae pamoja. Mayai yasiyowahi kuoshwa wala kuwekwa kwenye friji hukaa majuma kadhaa yakigeuzwa mara kwa mara.

Chombo chenyewe kikaguliwe kwa mkono. Kila koki inayopitisha maji kwenye ubavu wa boti ifunguliwe na kufungwa mara kwa mara isigande, na kando yake kining'inizwe kizibo cha mti laini cha kuzibia tundu koki ikivunjika. Nyaya zinazoshikilia mlingoti huanza kukatika pale zinapoingia kwenye vishikizo vyake. Pitisha kitambaa hapo taratibu: uzi mmoja wa chuma ukiwa umekatika, utakinasa. Waya wa namna hiyo hauvuki bahari. Badilisha.

Mwisho ni watu. Baharini usingizi hukatwa kwa zamu, mara nyingi za saa tatu tatu, na anayelala huamshwa katikati ya usiku akiwa na wajibu wa kufikiri sawasawa. Zoeeni zamu hizo mkiwa nangani, hasa usiku wa upepo mkali. Huko ndiko mtakakojua nani hukasirika akikosa usingizi na nani husahau kuzima taa, na mtayazungumza mapema pwani ingali karibu.

Kwa hiyo, ukialikwa kuwa baharia katika safari ya namna hii, muulize mwenye boti swali moja kabla ya kukubali: chombo hiki kimekaa nangani siku ngapi mfululizo bila kurudi gatini? Kama hakijawahi, usiondoke nacho.