Fahamu: Kipande cha uvimbe kinavyozaa dawa

Ukifika na uvimbe katika hospitali kubwa kama Nsambya, hapa Makindye jijini Kampala, daktari hukata kipande kidogo. Maabara hukihifadhi kwa fomalini, hukigandisha katika nta, hukikata vipande vyembamba kuliko unywele na kuvitia rangi ili darubini ionyeshe seli.

Kampala ina historia kubwa katika kazi hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, alieleza saratani ya taya za watoto. Sampuli zilipelekwa London kwa ndege. Moja ilichelewa kwa ukungu, ikafika maji yake yamechafuka. Ilidhaniwa imeoza, kumbe seli zilikuwa hai zikielea. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi cha Epstein-Barr, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Seli za saratani hiyo zingali zinakuzwa maabarani. Dawa za saratani kama rituximab hupimwa kwa seli hizo. Watoto waliozitoa, nani anawakumbuka?

Uvimbe wa saratani hii ya taya huweza kukua maradufu kwa siku mbili tu. Mzazi, ukiuona tayani mwa mwanao, usingoje: nenda hospitali leo.