Pembe Inayoota Msimu wa Njaa

Ukiingia mgahawa wa kijijini kusini mwa Ujerumani au Austria, kabla hujaagiza kitu utahisi unatazamwa. Ukutani, juu ya meza, kuna safu za mafuvu madogo meupe yaliyobandikwa kwenye vibao, kila fuvu na jozi ya pembe za urefu wa shibiri moja hivi. Sogelea jozi moja. Chini, pale pembe inapoanzia, kuna pete nene yenye mikunjo kama kilemba kilichofungwa kwa haraka. Juu ya pete pembe imejaa vinundu, ambavyo wawindaji huviita lulu, na rangi yake ni ya kahawa iliyokaangwa. Kisha ncha tatu, zilizosuguliwa mpaka zikawa nyeupe. Kibao cha jirani kina pembe nyembamba kama penseli, bila lulu wala tawi. Wanyama wa aina moja, na huenda wa msitu mmoja. Kilichowatofautisha ni nini?

Mnyama mwenyewe ni kulungu mdogo wa Ulaya, Capreolus capreolus kwa jina la kisayansi. Wajerumani humwita Reh, Waingereza roe. Hapa tumwite ro. Dume mzima ana kilo 20 hadi 30, uzito wa mbuzi wetu wa kienyeji. Kwetu hayupo. Hata hilo jina la kulungu wengi wetu hulitumia kwa mnyama mwingine kabisa, jamaa wa tandala, na ni vizuri tuwatenganishe mapema kwa sababu pembe zao hazifanani hata kidogo. Pembe ya tandala ni ala ngumu, ya kitu kilekile kilichofanya kucha zetu, iliyovikwa juu ya mfupa. Mnyama hukaa nayo maisha yake yote. Akifa, ala huchomoka, ndani ni wazi, na ndiyo maana watu wakaitoboa wakapata baragumu. Pembe ya ro ni mfupa mtupu, umejaa. Huwezi kuipuliza. Na kila mwaka huanguka ikaota nyingine.

Hapo ndipo jibu linapoanzia. Pembe ya tandala ni jengo la miaka. Ya ro ni jengo la miezi michache tu, na miezi hiyo ndiyo mibaya kuliko yote. Kulungu mwekundu, yule mkubwa wa Ulaya, huangusha pembe zake majira ya machipuko na kuotesha mpya wakati nyasi zimejaa. Ro hufanya kinyume. Pembe zake huanguka kati ya Oktoba na Desemba, madume wakubwa wakitangulia, na mpya huota katikati ya baridi, theluji ikiwa chini na matawi yakiwa matupu. Kuanzia Machi madume wazima huwa tayari. Wadogo huchelewa hadi Mei.

Sababu ya ratiba hiyo ngumu ni msimu wa kupandana, ambao kwa ro ni Julai na Agosti. Kuanzia machipuko dume hujiwekea eneo lake na kulilinda, kwa hiyo lazima awe na silaha mapema. Jike naye ana hila yake: akishashika mimba kiangazi, kiinitete husimama kukua kwa miezi kadhaa, kisha huendelea mwanzoni mwa mwaka ili ndama azaliwe Mei au Juni, majani yakiwa laini.

Wakati inaota, pembe hufunikwa na ngozi laini yenye manyoya mafupi, na ndani ya ngozi hiyo mishipa ya damu hupeleka chakula hadi nchani. Ukiigusa ni ya moto, tena ni laini kiasi cha kujeruhiwa na waya wa senyenge. Kwanza hujengwa kiunzi cha protini, kisha kalisi na fosforasi huingia na kukigeuza kuwa mfupa. Madini hayo hayatoki yote kwenye chakula cha siku hiyo. Sehemu mnyama huyachota katika mifupa yake mwenyewe, kisha huyarudisha baadaye. Mwanga wa mchana unapoongezeka, homoni ya testosteroni hupanda, mfupa hukomaa, ngozi hufa, na dume huisugua kwenye miti michanga mpaka ining'inie vipande vipande. Rangi ya kahawa nayo huja wakati huo, kutokana na utomvu wa magamba ya miti na mabaki ya damu.

Sasa fikiria bajeti ya mnyama huyu. Wapo wanyama wanaoingia msimu wa njaa na akiba ya mafuta chini ya ngozi. Ro hana akiba ya maana. Anaishi kijungujiko: anachokipata leo ndicho cha leo. Tumbo lake ni dogo na halimudu nyasi ngumu kama la ng'ombe. Anachagua machipukizi, majani ya vichaka vya miba, njugu za mwaloni zilizodondoka, na shamba la ngano changa akilikuta. Mwili unapopokea kidogo, hugawa kwa mpangilio mmoja: kwanza joto na uhai, kisha misuli, na pembe mwisho. Kwa hiyo pembe hupata makombo. Januari ikiwa ya upole, makombo ni mengi. Theluji ikikaa wiki sita, dume yuleyule aliyekuwa na pembe nzito mwaka jana anatokea Aprili na pembe nyembamba, na mwindaji anadhani ni mnyama mwingine.

Kwamba chakula kina nguvu kiasi hicho kilionyeshwa zamani, na kwa njia ambayo mkulima wa Lindi au Mtwara ataielewa mara moja. Miaka ya 1930, huko Bohemia katika Ulaya ya kati, mtu aliyeitwa Franz Vogt aliwafungia kulungu wekundu ndani ya uzio akawalisha vyakula vyenye protini nyingi, hasa mashudu ya ufuta. Katika vizazi vichache alipata madume wenye miili na pembe ambazo misitu ya jirani haikuwahi kuziona, ingawa mbegu ilikuwa ya kawaida. Baadaye Albrecht, mkuu wa ukoo wa watawala wa zamani wa Bavaria, na mkewe Jenke waliwalisha ro wa milima ya Styria nchini Austria, wakawafuatilia kwa miaka, wakachapisha kitabu mwaka 1975. Huko pia pembe zilinenepa. Watu wengi walisoma matokeo hayo wakakimbilia kununua mawe ya chumvi na madini. Kwa maoni yangu walikosea mlango. Pembe ni mfupa, basi wakadhani kinachokosekana ni kalisi. Lakini mara nyingi kinachokosekana kwanza ni protini na nguvu ya mwili. Fundi akikosa matofali, kumletea rangi hakumsaidii.

Hata hivyo, chakula cha baridi moja hakielezi yote, na hapa mambo yanakuwa matamu zaidi. Ufaransa ina misitu miwili ambako watafiti wamekuwa wakiwakamata ro, kuwapima na kuwavisha alama tangu miaka ya 1970: Chizé upande wa magharibi, na Trois-Fontaines kaskazini mashariki. Trois-Fontaines ina udongo mzuri na mvua ya kutosha. Chizé ni kukavu zaidi na kiangazi chake hukausha majani mapema. Kwa kuwa wanyama wengi wanajulikana tangu utotoni, waliweza kuuliza swali ambalo mwindaji hawezi kulijibu: huyu mwenye pembe kubwa alikuwa nani akiwa mtoto? Jibu ni kwamba pembe hufuata uzito wa mwili, na uzito wa mwili huamuliwa kwa sehemu kubwa katika miezi ya kwanza. Ndama aliyezaliwa mwaka mbaya, wa mama aliyekosa maziwa, huingia baridi yake ya kwanza akiwa mwepesi, na upungufu huo hamalizi kuulipa hata akishakuwa mkubwa. Kundi zima la waliozaliwa mwaka huo hubaki dogo.

Mwaka mbaya, tena, si hali ya hewa peke yake. Msitu uliojaa wanyama ni mwaka mbaya kila mwaka. Ro wakizidi, kila jike hupata kidogo, ndama hupungua uzito, na madume wachanga hufukuzwa kutoka kona hadi kona na wenye maeneo. Tatizo ni kwamba watu hawajui wana ro wangapi. Mfano unaotajwa sana ni wa Kalø, Denmark. Mwaka 1950 wasimamizi wa eneo hilo waliamua kuwaua ro wake wote. Walikuwa wamekadiria kama 70. Waliua 213. Na hao walikuwa watu walioijua misitu yao, si wageni. Kila nikisikia mtu anasema msitu wake una ro wachache na tatizo ni mbegu dhaifu, nakumbuka Kalø.

Mbegu ndiyo iliyoaminiwa kuliko yote. Sheria ya uwindaji ya Ujerumani ya mwaka 1934, chini ya Hermann Göring, mmoja wa viongozi wa Wanazi, iliweka mipango ya idadi ya kuua na kuwataka wawindaji walete pembe zao kwenye maonyesho zikakaguliwe. Fikra ilikuwa ya mfugaji: ondoa wenye pembe mbaya, acha wenye nzuri wazae. Basi dume wa mwaka mmoja mwenye vijiti viwili vifupi alihesabiwa takataka, akapigwa risasi. Lakini vijiti vya mwaka wa kwanza vinaeleza alizaliwa lini, mama alikula nini na baridi ilikuwaje; mbegu yake havielezi sana. Urithi upo, hakuna anayeukana. Ila mfugaji hupima mbegu kwa kuwalisha wanyama wote sawa katika zizi moja, na msituni zizi hilo halipo. Isitoshe, nusu ya mbegu iko kwa jike, ambaye hana pembe za kukaguliwa. Nadhani kwa miongo kadhaa watu wale waliadhibu mwaka mbaya wakidhani wanaadhibu ukoo mbaya.

Umri nao una sehemu yake. Pembe huongezeka mwaka hadi mwaka, hufikia kilele dume akiwa na miaka minne hadi saba hivi, kisha hurudi nyuma. Minyoo ya tumbo na mapafu hupunguza kile kidogo kilichopatikana. Jeraha kwenye kikonyo cha fuvu kinachobeba pembe huipindisha mwaka baada ya mwaka. Na dume aliyepoteza korodani hupatwa na ajabu: bila testosteroni pembe haikomai, ngozi haiachi, na kitu hicho huendelea kuvimba juu ya kichwa kama wigi, mpaka kimzibe macho. Wajerumani wameipa hali hiyo jina la wigi kweli.

Na tunaposema ubora, tunapima nini? Kanuni ya baraza la kimataifa la uwindaji, CIC, huzidisha wastani wa urefu kwa sentimita mara 0.5, uzito kwa gramu mara 0.1, na ujazo kwa sentimita za ujazo mara 0.3. Chukua pembe za sentimita 24, gramu 400 na ujazo wa 180: urefu unaleta 12, uzito 40, ujazo 54. Jumla 106. Upana, rangi, lulu, pete na ncha, yaani yote yaliyokuvutia pale mgahawani, huongeza pointi chache tu. Medali ya dhahabu huanzia 130. Kwa hiyo kinachopimwa hasa ni wingi wa mfupa uliojengwa katika miezi ile ya baridi.

Siku hizi ratiba yenyewe imeanza kuyumba. Utafiti wa Trois-Fontaines uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa machipuko yanawahi lakini ro hawawahishi kuzaa, kwa sababu saa yao ni mwanga wa mchana, nao haubadiliki na joto. Majani laini yanampita jike kabla hajaanza kunyonyesha vizuri, na ndama wanaopona wanapungua.

Kwenye kibao cha mgahawani chini ya fuvu huandikwa tarehe, Mei au Julai ya mwaka fulani. Hiyo ni siku ya risasi. Pembe ilikuwa imekwisha kukamilika tangu Machi.