Mpira wa Mikono na Maana ya Kushindana

Katika lugha ya mashabiki wa soka wa Afrika Mashariki, mchezaji aliyeugusa mpira kwa mkono husemwa kuwa "amenawa", na filimbi ya mwamuzi hufuata papo hapo. Katika mpira wa mikono, tendo hilohilo ndilo msingi wa mchezo wote, na anayeadhibiwa ni mchezaji wa uwanjani anayeuchezea mpira kwa mguu, chini ya goti. Tofauti hiyo ndogo inabeba fundisho kubwa, kwamba matendo mengi ya uwanjani si makosa kwa asili yake, bali huwa makosa kwa sababu wanaoshindana wamekubali kwanza yahesabiwe hivyo. Kwa maneno mengine, kila ushindani huanza na makubaliano, na mpira wa mikono ni mojawapo ya michezo inayolidhihirisha jambo hilo waziwazi.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inaligusia. Kitenzi "kushindana" kimeundwa kutokana na "kushinda" kwa kuongezewa kiambishi cha kutendana, kilekile kinachopatikana katika "kusaidiana" na "kujengana", ambacho huonyesha kuwa tendo linahitaji pande mbili zinazotendeana. Mtu anaweza kushinda majaribu akiwa peke yake, lakini hawezi kushindana peke yake, kwa kuwa mpinzani ndiye anayempa kipimo cha uwezo wake.

Mpira wa mikono huchezwa na timu mbili, kila moja ikiwa na wachezaji saba uwanjani, yaani sita na golikipa, katika uwanja wenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Mechi ya watu wazima huwa na vipindi viwili vya dakika 30, na timu inaweza kubadilisha wachezaji mara nyingi ipendavyo bila kusimamisha mchezo. Mwenye mpira haruhusiwi kupiga zaidi ya hatua tatu bila kuudunda, wala kuushika kwa zaidi ya sekunde tatu. Goli lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, na mbele yake umechorwa mstari wa mita 6 unaozunguka eneo ambalo golikipa peke yake huruhusiwa kukanyaga. Hata hivyo, katazo hilo linahusu sakafu tu, hivyo mshambuliaji anaweza kuruka kutoka nje ya mstari, akaelea juu ya eneo hilo na kurusha mpira, mradi uwe umetoka mkononi kabla miguu yake haijatua.

Mchezo huu ulizaliwa katika Ulaya ya kaskazini. Mwalimu Holger Nielsen wa Denmark aliuendeleza katika shule ya Ordrup mwishoni mwa karne ya 19 na kuchapisha kanuni zake mwaka 1906. Nchini Ujerumani, Max Heiser aliandika kanuni za mchezo wa aina hiyo kwa ajili ya wanawake mwaka 1917, na miaka miwili baadaye Karl Schelenz akazirekebisha. Wakati huo ulichezwa zaidi kwenye nyasi na wachezaji 11 kwa kila upande, na ndivyo ulivyoingia katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, ambako Ujerumani iliifunga Austria 10 kwa 6 katika mechi iliyoamua bingwa. Baridi kali ya nchi za kaskazini iliusukuma kuingia ukumbini, na sura hiyo ya wachezaji saba ndiyo iliyorudi katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972 kwa wanaume na ya Montreal mwaka 1976 kwa wanawake.

Asili ya ushindani huonekana vizuri zaidi pale miili inapokutana. Mlinzi anaruhusiwa kumkabili mshambuliaji kifua kwa kifua na kumzuia kwa mikono iliyokunjwa, lakini haruhusiwi kumvuta, kumsukuma wala kumkamata mkono unaorusha. Adhabu zimepangwa kwa ngazi: kosa la kawaida huipa timu nyingine mrusho huru, kuharibu nafasi ya wazi ya kufunga huzaa mrusho wa adhabu kutoka mita 7, na kosa zito humtoa mchezaji nje kwa dakika mbili, ambapo timu yake hucheza ikiwa pungufu. Anayetolewa hivyo mara tatu hupewa kadi nyekundu na harudi tena, ilhali timu yake, baada ya kutumikia dakika mbili, huruhusiwa kumwingiza mwingine, jambo linaloonyesha jinsi kanuni zinavyopima kosa la mtu mmoja na mzigo wa wenzake katika mizani mbili tofauti.

Kanuni nyingine yenye mafunzo ni ile inayokataza timu kuumiliki mpira bila nia ya kushambulia. Timu inayoongoza kwa bao moja dakika za mwisho hushawishika kupasiana tu hadi muda uishe, lakini waamuzi wakiona dalili hizo huinua mkono kuwa onyo, na baada ya hapo timu hiyo haipaswi kupiga pasi zaidi ya nne kabla ya kurusha langoni, la sivyo hunyang'anywa mpira. Hapa kanuni inamdai mshindani kitu kisichodaiwa katika michezo mingi, yaani aendelee kushindana hata pale ambapo kutoshindana kungemfaa zaidi.

Tena huu ni mchezo wa mabao mengi, kwani ni jambo la kawaida kila timu kufunga zaidi ya 25 katika mechi moja, na golikipa anayezuia theluthi moja ya mipira inayorushwa langoni huhesabiwa kuwa amefanya kazi nzuri. Katika soka bao moja la bahati linaweza kuamua dakika 90, lakini mabao yanapokuwa mengi bahati hupungua uzito, na maandalizi hujitokeza. Ndiyo maana Iceland, nchi yenye watu wapatao laki tatu wakati huo, iliweza kufika fainali ya Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na kurudi na medali ya fedha baada ya kufungwa na Ufaransa.

Makubaliano ya washindani, hata hivyo, yanahitaji mlinzi, na mlinzi huyo ni mwamuzi. Mpira wa mikono huchezeshwa na waamuzi wawili wenye mamlaka sawa, kwa sababu msukumano wa wachezaji wengi katika nafasi finyu hauwezi kuonwa kwa macho ya mtu mmoja. Uzito wa kazi yao ulidhihirika baada ya mashindano ya Asia ya mwaka 2007 ya kufuzu Olimpiki, ambapo malalamiko juu ya uamuzi yalilifanya Shirikisho la Kimataifa kuamuru mashindano yarudiwe, na Korea Kusini ikaishinda Japani katika mechi ya wanaume iliyochezwa Tokyo Januari 2008. Ushindi ambao watu hawaamini kuwa ulipatikana kwa haki haumpi mshindi kile alichokitafuta.

Swali jingine la haki hujibiwa nje ya uwanja. Mwaka 2015 Qatar, ikiwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya wanaume, ilifika fainali na kufungwa na Ufaransa 25 kwa 22, huku wachezaji wake wengi wakiwa wamezaliwa nchi nyingine na kupewa uraia. Kanuni za wakati huo ziliruhusu mchezaji kuhamia timu ya taifa jingine akikaa miaka mitatu bila kuichezea ya kwanza, hivyo hakuna sheria iliyovunjwa, lakini mjadala uliozuka ulikumbusha kuwa kutii kanuni na kuridhisha dhamiri za watazamaji ni mambo mawili.

Afrika nayo imo. Misri ilimaliza ya nne duniani mwaka 2001 na Tunisia ikaifuata kwa nafasi hiyohiyo mwaka 2005, wanawake wa Angola wametwaa ubingwa wa bara mara nyingi kuliko wa nchi nyingine yoyote, na wanaume wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walishiriki mashindano ya dunia kwa mara ya kwanza mwaka 2021. Nchini Tanzania mchezo huu umo katika michezo ya shule za sekondari ya UMISSETA, na nchini Kenya timu za taasisi, zikiwemo za jeshi, zimeubeba kwa muda mrefu.

Wahenga walisema kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo huchukuliwa aghalabu kuwa faraja ya aliyefungwa, ilhali kwa hakika inaeleza sharti la kuingia uwanjani, kwa kuwa anayekubali kanuni, mwamuzi na mpinzani aliye sawa naye, amekwisha kukubali kwamba huenda akafungwa. Asiyelikubali hilo anaweza kutwaa kombe, lakini hajashindana na mtu.